Saa mbili mezani bila kualikwa: milonga za Buenos Aires na swali la msomaji

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Mombasa. Salsa na kizomba nimecheza miaka mingi, tango ndiyo kwanza naanza kuielewa. Mwaka huu kazi ilinipeleka Buenos Aires, Argentina, kwa wiki tatu. Nilikwenda na hamu kubwa, nimerudi moyo nusu nusu. Onyesho la kwanza, lile la chakula cha jioni na mvinyo, lilinishangaza kwa ustadi, lakini nilihisi natazama sarakasi. Kule mtaa wa La Boca wachezaji wa barabarani walitaka pesa kabla sijainua simu. Kisha mwenzangu wa kazi, mwanamume, akanisindikiza usiku kwenye milonga, mkusanyiko wa watu kucheza tango. Tulikaa meza moja saa mbili nzima na hakuna hata mmoja aliyekuja kunialika. Mwafrika nilikuwa peke yangu ukumbini. Mwenzangu alipokatiza uwanjani kwenda msalani, mama mmoja alimfokea. Wiki iliyofuata nikaenda peke yangu milonga ya mchana, wakaniketisha na wanawake wengine. Mzee mmoja akanitazama, tukacheza, na sijawahi kucheza vile maishani mwangu. Wimbo ulipoisha nikamwambia 'gracias', yaani asante. Akanirudisha mezani uso umembadilika, na hakunitazama tena. Baadaye mwanamume mwingine alinisimamisha katikati ya dansi ili anifundishe nilipokosea. Je, ni rangi yangu? Ni ugeni? Au tango ninayoipenda haipo, imebaki ya kuuziwa watalii tu? Niendelee au niachane nayo?"*

Marahaba, dada. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa pamoja: je, nilibaguliwa, je, nilikosea, na je, ninachokipenda ni kitu cha kweli au ni bidhaa ya watalii. Nianze na linalojibika kwa urahisi. Sababu kubwa ya kutoalikwa usiku ule umeiandika mwenyewe na kuipita mbio: ulikaa meza moja na mwanamume.

Katika milonga zinazofuata desturi za zamani, mwanamke aliyeketi na mwanamume huhesabiwa kuwa amekuja na mtu wake na atacheza naye. Kumwalika ni kumvunjia heshima yule mwanamume. Ndiyo maana mlangoni huulizwa kama mko pamoja, na ndiyo maana kumbi za namna hiyo huwaketisha wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili, na waliokuja wawili wawili mahali pao. Mwenzako alikusindikiza kwa nia njema, na nia hiyo njema ikakufungia mlango. Ni kama mgeni anayeingia kwenye taarab asijue habari za watu: ananyanyuka na noti yake kwenda kutunza kwa furaha tu, kumbe ubeti ule ni kijembe cha fulani kwa fulani, na ukumbi mzima umeshamhesabu kuwa wa upande mmoja. Hakusema neno, lakini amesomwa. Nanyi wawili mlisomwa tangu mlipovuta viti.

Unaandika kwamba hakuna "aliyekuja" kukualika. Hapo ndipo penye kosa la pili, nalo ni la karibu kila mgeni. Mwanamume wa milonga haji mezani. Yeye hubaki alipo, hata kama ni upande wa pili wa ukumbi, akamtazama anayetaka kucheza naye. Mwanamke akitaka, hulirudisha jicho na kulituliza. Mwanamume huinamisha kichwa kidogo, mwanamke huitikia, na mkataba umekwisha. Hapo tu ndipo mwanamume anapotembea, naye mwanamke hukaa kitako mpaka amfikie, kwa sababu huenda jicho lile lilikuwa la jirani yake. Asiyetaka kucheza hugeuza macho tu, wala hakuna aliyeona. Wenyewe wanaita kabeseo. Kwa hiyo mwanamke anayetazama simu yake, au anayezungumza na mwenzake kwa uchangamfu, au anayewatazama miguu wanaocheza, kwa lugha ya ukumbi ule ameshasema "hapana" kwa kila mtu. Sijui ulikuwa ukitazama nini, lakini nawajua wageni, na wengi hutazama miguu.

Kuna pia suala la muda na muziki. Nyimbo hupigwa kwa mafungu yanayoitwa tanda, kwa kawaida tango nne za orkestra moja, au valsi tatu, au milonga tatu (milonga ni jina la mkusanyiko na pia la mdundo mmoja wa haraka). Kati ya fungu na fungu hupigwa kipande kifupi cha muziki mwingine kabisa, kortina, na uwanja wote huondoka watu. Macho hufanya kazi wakati huo na katika sekunde za kwanza za tanda mpya, baada ya wachezaji kuitambua orkestra. Na wanachagua kweli. Ikipigwa orkestra ya Juan D'Arienzo, yenye mapigo makali yanayorusha miguu, mtu anaweza kumjaribu mgeni. Ikipigwa ya Osvaldo Pugliese, ambaye anapunguza, anasimama, anapasua, wengi huwatafuta watu waliokwisha kuwazoea. Karibu muziki wote unaochezwa umetoka katika rekodi za kati ya 1935 na 1955, na mzoefu wa milonga amezisikia mpaka anajua bandoneoni, kinanda cha mvukuto cha tango, itavuta pumzi wapi. Mtu huyo hamwaliki asiyemwona akicheza. Anasubiri wengine wacheze nawe kwanza, akutazame tanda moja mbili, ndipo aamue. Mwanamke mgeni ambaye hajanyanyuka hata mara moja hana barua ya utambulisho, na saa zinavyokwenda ndivyo wanavyozidi kudhani kwamba hataki.

Mzee wa mchana sasa. Dada, ulimfukuza. Katikati ya tanda, neno "gracias" maana yake ni "imetosha, sitaki kuendelea nawe". Wenyeji hulisema mwishoni mwa tanda peke yake. Wimbo wa kwanza ukiisha, watu husimama palepale, wakaongea maneno mawili matatu ya hali ya hewa au unatoka wapi, huku wimbo wa pili umeshaanza, na baada ya nusu dakika hivi hukumbatiana tena. Yule mzee alikupa dansi uliyoipenda kuliko zote, ukamwambia mbele ya watu kwamba hutaki nyingine. Akafanya alivyofundishwa: akakusindikiza mpaka kitini na kukaa na lake. Asingekutazama tena siku ile kwa vyovyote. Wala usijilaumu sana, maana shukrani kwetu ni jambo la kwanza mdomoni, na hakuna aliyekuonya.

La mwenzako kufokewa halihitaji maneno mengi. Uwanja huzunguka kinyume cha saa, kwa mistari, na kila jozi inalinda nafasi iliyo mbele yake. Mwanamume anayeongoza anakwenda mbele na mwenzake anarudi nyuma bila kuona. Anayekatiza katikati anasababisha watu kugongana na visigino virefu kuumiza vifundo vya miguu. Yule mama alikuwa na haki, ingawa angeweza kusema kwa upole.

Na yule aliyekusimamisha akufundishe, huyo ndiye aliyekosa adabu, si wewe. Kufundisha uwanjani ni mwiko. Wanaume wa aina hiyo wapo katika kila mji wenye tango, na huwalenga wanawake wageni kwa sababu wenyeji wameshawakataa. Kwa mtu wa namna hiyo, "gracias" ya katikati ya tanda ndiyo dawa yenyewe.

Nimeeleza haya yote kwanza makusudi, kwa sababu ningeanza na rangi ningekupa jibu jepesi, la upande wowote ule. Sasa tulitazame swali lenyewe. Siwezi kukuambia kwamba rangi haikuhusika. Nimewasikia wanafunzi weusi wakisimulia jinsi wanavyoulizwa kila siku kama ni Wabrazili au Wakolombia, jinsi nywele zao zinavyoguswa, na jinsi wanavyoalikwa kwa udadisi badala ya kwa dansi. Umri nao unahusika, uzito, mavazi, urembo. Wanawake katika milonga nyingi ni wengi kuliko wanaume, na wenye miaka sitini, weupe, waliocheza maisha yao yote, hukaa usiku mzima hawajanyanyuka. Jambo ambalo wapenzi wa tango hawapendi kulisema ni hili: mfumo huohuo wa macho unaomwepusha kila mtu na aibu ya kukataliwa hadharani ndio unaoficha ubaguzi vizuri kuliko mfumo wowote. Hakuna anayelazimika kusema hapana. Hakuna anayeulizwa sababu. Aliyebaguliwa hubaki na mashaka tu, kama yako.

Pamoja na hayo, ushahidi wako mwenyewe unaelekea upande mmoja. Usiku uliketi na mwanamume, hukualikwa. Mchana uliketi peke yako mahali pa wanawake, ukaalikwa na zaidi ya mmoja, ngozi ni ileile. Kama ingekuwa kinyume chake, ningekuwa na jibu jingine. Ukitaka kupima siku nyingine, pima hivi: kaa peke yako mahali panapoonekana, inua macho kila kortina, na nenda kwenye milonga ileile zaidi ya mara moja, siku ileile ya juma, kwa sababu wazoefu huwa na siku zao na viti vyao. Ukishaonekana ukicheza vizuri na bado ukumbi mzima unageuza uso, hapo huna haja ya kujitafutia kosa. Badilisha ukumbi.

Na usikubali fikra kwamba uliingia nyumba ya watu wengine. Mwaka 1778, hesabu ya watu ya Buenos Aires ilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya wakazi walikuwa na asili ya Afrika. Wengi wa walioletwa utumwani Río de la Plata, eneo la Buenos Aires na jirani zake, walitoka Kongo na Angola, na wengine Msumbiji, upande wetu wa bahari. Ngoma zao za kandombe ni mojawapo ya mizizi ya tango, pamoja na nyimbo za mashambani na muziki wa wahamiaji kutoka Italia na Hispania waliojazana bandarini mwishoni mwa karne ya 19. Rosendo Mendizábal, mpiga piano mweusi, alitunga "El Entrerriano" mwaka 1897, moja ya tango za mwanzo zinazopigwa mpaka leo. Horacio Salgán, mpiga piano na mpangaji muziki mkubwa aliyefariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka mia moja, alikuwa wa ukoo wa Waargentina weusi. Lakini nchi ilijisimulia hadithi ya kuwa taifa la watu wa Ulaya, na kwa muda mrefu sensa haikuwauliza watu hao kitu. Swali liliporudi, katika sensa ya 2022 zaidi ya watu 300,000 walijitaja kuwa na asili ya Afrika. Kwa hiyo uliyeonekana mgeni ukumbini ulikuwa, kwa upande mmoja, miongoni mwa wenye hisa. Sikuambii hili ili likufariji. Halitakupatia dansi. Nakuambia kwa sababu waandaaji wengi wenyewe hawalijui.

Kuhusu onyesho la chakula cha jioni, nadhani umelihukumu kwa kipimo kisicho chake. Tango ya jukwaani ni sanaa nyingine: hatua zimepangwa, mguu unarushwa juu ili aliye mwisho wa ukumbi aone, na mavazi ni ya hadithi ya zamani. Tena ina historia yake ya heshima. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Argentina ya 1955 na miaka ya muziki mpya wa vijana, kumbi nyingi zilififia. Onyesho lililofunguliwa Paris mwaka 1983, kisha New York mwaka 1985, ndilo lililowarudisha watu wa dunia kwenye tango, na Waargentina wengi vijana pia. Mashindano ya dunia yanayofanyika Buenos Aires yana vipengele viwili tofauti, kimoja cha uwanja na kimoja cha jukwaa, na mshindi wa kimoja hapimwi kwa sheria za kingine. Wachezaji wengi wa maonyesho hayo, wakivua mavazi usiku wa manane, huenda milonga kucheza kwa utulivu, hatua fupi fupi, kama watu wengine. Kinachoniudhi mimi ni bei, na ule mwenendo wa kumweleza mtalii kwamba hicho ndicho kila kitu. Kiingilio cha milonga ni sehemu ndogo tu ya bei ya tiketi hizo.

La Boca, hali kadhalika. Ule mtaa wa rangi, Caminito, ulifunguliwa kama makumbusho ya wazi mwaka 1959 kwa juhudi za mchoraji Benito Quinquela Martín, mahali palipokuwa na reli iliyoachwa. Kwa maneno mengine, ulitengenezwa ili utazamwe. Wachezaji wanaosimama pale juani wanauza picha, na picha ndiyo mshahara wao. Kuombwa pesa kabla ya kuinua simu kunakera, nakubali, lakini nawaona wakweli kuliko anayekupiga picha kwa tabasamu kisha akudai.

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda: kwa nini dakika tatu za mzee yule zilishinda yote? Huenda ulidhani alijua hatua za siri. Nina hakika hakufanya hatua nyingi. Alitembea, akasimama, akageuka kidogo, akatembea. Salsa imeufundisha mwili wako kupiga hatua zilezile na mdundo, uongozwe usiongozwe, kwa sababu kuna hatua ya msingi inayojirudia na mkono wa mwanamume unakuja kuibadilisha tu. Tango haina hatua inayojirudia. Kila hatua ni pendekezo linalotoka kifuani kwa anayeongoza: kifua kinasogea kabla ya mguu, wewe unakisikia, mguu wako usio na uzito unafika, ndipo uzito wako unahamia. Kati ya hatua na hatua unasimama juu ya mguu mmoja tu, na mguu huo mmoja unaweza kusubiri sekunde nzima huku bandoneoni ikimaliza sentensi yake. Mzoefu anajua uzito wako uko mguu gani bila kutazama. Akikuacha usubiri, ukasubiri bila kuharakisha, mnausikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Kizomba imekusaidia hapo kuliko unavyojua, kwa kuwa imekuzoesha kukumbatiana na mtu usiyemjua bila kukakamaa. Salsa inakuponza: utakuwa unakisia hatua ijayo. Hicho ndicho, nadhani, yule mjuaji wa pili alitaka kukisema, ila alichagua mahali pabaya pa kukisemea.

Kwa hiyo uendelee? Kama unatafuta dansi ya kujiachia, kucheka na kualikwa na kila mtu, nakushauri ubaki na salsa bila kuona haya. Tango hukaa miaka miwili ya kwanza ikikurudisha nyuma, na ina usiku mwingi wa kukaa kitini. Kama dakika zile tatu bado zinakusumbua, endelea, lakini jenga nyumbani kwanza. Afrika ya Kusini, katika Johannesburg na Cape Town, kuna jumuiya za tango, na Afrika Mashariki waulize walimu wa salsa na kizomba, kwani wapenzi wa tango mara nyingi hujificha katika madarasa hayo. Mkipatikana wanne mnaweza kufanya praktika, yaani mazoezi ya pamoja, sebuleni. Sikilizeni orkestra kwa majina: D'Arienzo wiki moja, Carlos Di Sarli wiki nyingine, kisha Aníbal Troilo. Jifunze kutembea na kusubiri kabla ya mapambo yoyote.

Ukirudi Buenos Aires, anza na praktika, ambako watu huombana kwa mdomo na kusimama kusahihishana bila aibu. Kisha milonga za mchana, zinazoanza saa tisa au kumi alasiri, ambako wakongwe wako na subira. Kibanda cha wazi cha muziki katika bustani ya Barrancas de Belgrano kina hewa na uhuru zaidi, na La Catedral huko Almagro ina vijana wasiojali sana desturi. Zipo pia milonga ambako mwanamke huongoza na jinsia hazigawanywi, nazo kwa baadhi ya wageni ni ahueni kubwa. Vilabu vya mtaani vya Villa Urquiza, kama Sunderland na Sin Rumbo, viache mpaka macho yako yamejifunza kazi. Kokote uendako, weka nafasi mapema, na mwambie mwandaaji waziwazi: "Nimekuja peke yangu, nataka kucheza, niketishe ninapoonekana." Mwenzako akitaka kuja, aketi meza yake.

Yako mambo mawili ambayo barua haiwezi kuyatibu. Kwanza ni mwili. Mwalimu anahitaji kukushika ili ajue kama unaegemea sana au unavuta nyuma, na video haitamwonyesha. Na ukihisi ganzi chini ya vidole vya miguu, goti linalouma unapogeuka, au maumivu ya kiuno yasiyoisha baada ya siku chache za kupumzika, muone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo kabla hujaendelea, wala usikubali kuambiwa kwamba ndivyo tango ilivyo. Viatu virefu visubiri: anza na kisigino kifupi na soli ya ngozi inayoteleza kidogo.

La pili ni usalama. Kumbatio la tango ni la kifua, na lina mipaka. Mkono ukishuka, pumzi ikianza kuwa ya jambo lingine, au ukiambiwa mambo usiyoyataka, huna deni la kumaliza tanda. Acha dansi palepale, rudi kitini, mwambie mwandaaji. Waandaaji wengi sasa wana utaratibu wa kushughulikia malalamiko hayo, hasa tangu wanawake wa tango wa Argentina walipoanza kuyasema hadharani. Akikupuuza, ondoka, na usiku uite teksi kwa simu badala ya kutembea hadi kituoni.